Kuhamisha ofisi ya shirika Mtwara bila kupoteza faili wala mlengwa

Ofisi ya shirika la kusaidia jamii haihami kama duka. Duka likihama, mteja anaingia la jirani. Lakini mama aliyetoka Msimbati na mtoto mgongoni, au mzee aliyepanda gari alfajiri kutoka Nanyamba, akikuta mlango umefungwa hana jirani wa kumwendea. Nauli imekwisha na siku imepotea. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa kwa kuangalia mambo mawili: walengwa wasikatiwe huduma hata siku moja bila taarifa, na taarifa zao zisianguke njiani.

Mwongozo huu ni wa wafanyakazi kumi au kumi na wawili wanaohama ndani ya mji, tuseme kutoka Ligula kwenda Shangani au Chikongola, wakisaidiwa na makuli wachache na gari la kukodi. Walioko Lindi wanaweza kuufuata vilevile.

Tarehe kwanza

Msihame kuanzia Oktoba hadi Januari kama mna uchaguzi. Minada ya korosho ikianza, magari ya mizigo yanakimbilia maghalani na bandarini. Kanta (lori dogo) mliyoahidiwa Jumamosi asubuhi inaweza kuwa Tandahimba Jumamosi hiyohiyo, na dereva atakayebaki mjini atapandisha bei. Kisha mvua zinaingia Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Karatasi iliyolowa ndani ya boksi haikauki: inashikana na kuota ukungu.

Muda mzuri ni Julai hadi Septemba. Ndani ya muda huo epukeni wiki ya Nane Nane kama shirika lenu lina banda kwenye viwanja vya maonyesho vya Ngongo, Lindi, na epukeni siku za mwisho za Septemba kama wafadhili wenu wanataka ripoti za robo mwaka. Ijumaa si siku ya kubeba, kwa sababu saa 6 mchana kazi itakatika kwa ajili ya swala na gari litabaki nje likiwa limepakiwa nusu. Mwezi wa Ramadhani msiwatake watu wabebe makabati juani wakiwa wamefunga. Utaratibu unaofanya kazi ni kufunga mizigo Alhamisi, kumalizia Ijumaa asubuhi, kubeba Jumamosi, kisha Jumapili mapumziko.

Kagueni jengo jipya wiki sita kabla

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, maana kosa la jengo haliondoki baada ya mizigo kuingia.

Mkihama kiangazi hamtaona paa likivuja. Angalieni silingi bodi: doa la kahawia lenye ukingo mweusi zaidi ni alama ya maji ya masika yaliyopita. Rangi mpya kwenye kipande kimoja tu cha silingi nayo iulizieni.

Mchwa ni adui mkubwa wa nyaraka upande wetu. Pitisheni tochi chini ya kuta, nyuma ya fremu za milango na ndani ya makabati ya ukutani. Mkiona vijia vya udongo vyenye upana wa penseli vinavyopanda ukutani, wamo. Fundi wa dawa aje kabla ya kabati lolote kuingia, apulizie kwenye msingi na nyufa, na nyumba ikae wazi ikauke angalau siku moja nzima. Kupulizia makabati yakiwa ndani ni kazi bure, kwa sababu sehemu iliyofichwa na kabati ndiyo wanayopitia.

Majengo ya karibu na bahari hula chuma. Fungueni soketi mbili tatu pamoja na fundi umeme. Zikiwa na kutu ya kijani ndani, zote zibadilishwe kabla ya kuhamia, kwa gharama ya mwenye nyumba, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba. Fundi apime pia kama waya wa ardhini upo kweli. Hesabuni soketi: kila meza iwe na soketi mbili, na mashine ya fotokopi iwe na yake, isichomekwe kwenye ekstensheni, kwani inapoanza kupasha joto huvuta umeme mwingi kwa mara moja na ekstensheni nyembamba huyeyuka.

Pimeni milango kwa futi kamba. Kabati la chuma la droo nne huwa na upana wa karibu sentimita 46, kina cha sentimita 62 na kimo cha zaidi ya mita 1.3. Kupita litapita, lakini meza kubwa ya mikutano isiyofunguka inaweza kukwama kwenye kona ya korido. Ngazi zipimeni kwenye kona, kwa kuwa hapo ndipo nafasi inapokuwa finyu.

Halafu mlango wa mbele. Mlengwa mwenye kiti cha magurudumu ataingiaje? Mteremko salama unataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8, wenye zege lililokwaruzwa ili lisiteleze. Mteremko mfupi zaidi ya huo unawafaa watu wa kusukuma mikokoteni tu, na mara nyingi hata wao unawashinda.

Mwisho, nendeni hadi kwenye geti kwa gari la aina ileile mtakayokodi. Mitaa mingi ya Mtwara ni mchanga mtupu, na Kanta iliyojaa huzama mahali ambapo bajaji inapita bila shida.

Mkataba, umeme na maji

Shirika linapolipa pango linatakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato) kama kodi ya zuio. Mwenye nyumba aliyezoea kupokea fedha yote mkononi hukasirika akilijua hilo siku ya malipo. Mwambieni siku ya kwanza, na mkataba useme wazi kwamba kiasi kilichotajwa ni kabla ya zuio. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka nao uwekwe kwenye bajeti, na nani anaulipa ieleweke mapema.

Uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, haziwezi kuhama nanyi. Ni za mita, na mita ni ya nyumba. Wiki mbili za mwisho nunueni kidogo kidogo. Kwenye jengo jipya, kabla ya kusaini, nunueni umeme wa kiasi kidogo kwa namba ya mita ile muone kinachokatwa. Kama kuna deni la mpangaji aliyetangulia, litajitokeza hapo. Kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, kwa hiyo elewaneni na mwenye nyumba jinsi atakavyoirudisha. Kwa maji, msomaji wa mita wa mamlaka ya maji aje nyumba zote mbili siku moja, na kila usomaji upigwe picha.

Ombi la kuhamisha intaneti lipelekeni siku ileile mnayosaini mkataba. Huwa ndiyo huduma inayochelewa kuliko zote. Andaeni na ruta ya laini ya simu ya kutumia wiki za mwanzo.

Nani anafanya nini

Wenzako wakikusaidia bila mgao wa kazi, watu sita watabeba kiti kimoja na sefu itabaki imesimama. Gawaneni hivi, kwa majina, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani:

1. Mkuu wa uhamisho, mmoja tu. Asiwe mratibu wa shirika, kwa kuwa mratibu atapigiwa simu na mfadhili katikati ya kazi.
2. Mtu wa orodha, anayesimama mlango wa zamani na daftari.
3. Mtu wa mlango mpya, mwenye nakala ya orodha hiyohiyo na ramani ya vyumba.
4. Mtu wa kompyuta na waya.
5. Mtu wa nyaraka za walengwa. Huyu habebi kitu kingine siku hiyo.
6. Mtu wa maji, chai na chakula.

Dada mjamzito, mzee wa mapokezi, au mwenzenu aliyewahi kuumia mgongo apewe nafasi ya 2, ya 3 au ya 6 tangu mwanzo, bila kusubiri ajieleze mbele ya watu. Nafasi hizo si za heshima tu, ndizo zinazozuia upotevu.

Makuli walipwe kwa kazi nzima iliyokubaliwa kwa maandishi, si kwa safari. Wakilipwa kwa safari, kila mzigo utapakiwa kidogo ili safari ziongezeke.

Punguzeni kabla ya kufunga

Kitu cha mradi uliokwisha hakitupwi wala hakigawiwi wafanyakazi hivihivi. Angalieni rejista ya vifaa: vingine bado ni mali ya mfadhili mpaka aandike barua ya kuviachia. Ombeni barua hizo mwezi mmoja kabla.

Kumbukumbu za kodi na fedha zinatakiwa kutunzwa miaka 5 kwa sheria ya usimamizi wa kodi, na mkataba wa mfadhili unaweza kutaka zaidi. Zilizopita muda, na zenye ruhusa ya kuharibiwa, zichomwe kwenye shimo, karatasi zikiwa zimetawanywa. Furushi zito huungua pembeni tu na katikati hubaki jeupe, linasomeka. Pekueni majivu kwa fimbo, kisha watu wawili watie saini kwamba yamekwisha. Msitupe karatasi jalalani kamwe. Karatasi za ofisi huishia sokoni zikifungia karanga, na orodha ya majina ya wagonjwa au ya watoto waliofanyiwa ukatili ikifika huko, hakuna barua ya kuomba radhi itakayoirudisha.

Kufunga mizigo

Maboksi yaokoteni madukani kuanzia wiki tatu kabla, lakini yasiwe yaliyobeba mafuta ya kula au samaki. Mafuta huingia kwenye karatasi, na harufu ya samaki huita panya. Kipimo cha uzito ni boksi jipya la karatasi za A4: rimu 5 za kilo 2.5, jumla kilo 12.5. Mkono unaujua uzito huo. Boksi lolote linalouzidi sana ligawanywe, kwa sababu litapasuka chini likiwa ngazini. Faili kubwa la karatasi lenye kibanio cha chuma, likijaa, lina karibu kilo 3, kwa hiyo manne kwa boksi yanatosha. Nafasi iliyobaki jazeni mapazia, vitambaa vya meza au fulana za kampeni.

Andikeni kwa maka peni nene ubavuni mwa boksi, pande mbili, wala si juu. Yakipangwa, juu hapaonekani. Alama iwe na herufi ya chumba kipya, namba ya boksi na jumla: C 4/11 ni boksi la nne kati ya kumi na moja yanayokwenda chumba C. Jumla hiyo ndiyo inayowaambia saa hiyohiyo kwamba boksi la kumi na moja halijafika. Bila jumla mtagundua mwezi unaofuata, mkaguzi akiomba hati za malipo. Yaliyomo yasiandikwe juu ya boksi, yaandikwe kwenye daftari tu. Boksi lililoandikwa "kompyuta" linajitangaza kwa wezi.

Nyaraka za walengwa zina utaratibu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezishika azilinde, na kubebwa kwenye Kanta iliyo wazi hakuhesabiki kuwa ulinzi. Zifungeni kwenye maboksi yaliyozungushiwa selotepu yote, watu wawili watie saini juu ya kiungio cha selotepu ili ikifunguliwa ijulikane, kisha zipande gari dogo lililofungwa pamoja na mtu wa nyaraka. Gari hilo lisisimame njiani, hata kwa madafu. Zikifika, ziingie chumba chenye kufuli siku hiyohiyo, juu ya chaga za mbao zilizoinuliwa kwa matofali, sentimita 10 kutoka sakafuni na sentimita 10 kutoka ukutani, ili mchwa wakija waonekane.

Vitabu vya hundi, vya risiti, mihuri na fedha taslimu ni vya mhasibu na shahidi mmoja, kwa saa ambayo haikutangazwa kwa mtu mwingine.

Kompyuta: nakala ya data ichukuliwe siku mbili kabla, kisha fungueni mafaili machache kwenye mashine nyingine kuhakikisha nakala inasomeka. Diski ya nakala isisafiri gari moja na kompyuta zenyewe. Pigeni picha nyuma ya kila mashine kabla ya kuchomoa. Waya za kila mashine ziingie mfuko wake na mfuko ufungwe kwenye mashine hiyo. Waya zote zikitiwa gunia moja, Jumatatu nzima itaishia kuzitenganisha.

Fungeni pia boksi la kwanza, lenye rangi ya pekee: mkasi, kisu, selotepu, bisibisi, balbu nne, ekstensheni mbili, kufuli mpya, sabuni, karatasi za chooni, kisanduku cha huduma ya kwanza, daftari la wageni, chupa ya chai, vikombe na sukari. Linapakiwa la mwisho na kushushwa la kwanza.

Vyombo vinavyoharibika kwa kubebwa vibaya

Mashine ya fotokopi ibebwe ikiwa wima kama inavyokaa, tona (wino wa unga) ikiwa imetolewa na kufungwa kwenye mfuko. Ikilazwa, unga humwagika ndani na kila nakala itatoka na mistari myeusi. Kama ina kifungio cha skana, kifungeni. Printa ya wino iacheni na katriji zake, maana vichwa vikikaa wazi hukauka.

Friji isimame wima, na ikifika ikae saa chache bila kuwashwa. Ikiwa ililazwa, subirini siku nzima, mafuta yarudi kwenye kompresa. Jenereta imwagwe mafuta yote na koki ifungwe. Ikiinama sana oili huingia juu ya pistoni, na ukiivuta inagoma au inatoa moshi mweupe. UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme wa kompyuta ukikatika, izimwe na ichomolewe, na ibebwe kwa mikono miwili kutoka chini, kwa sababu betri yake ina madini ya risasi na ni nzito. Viyoyozi vishushwe na fundi anayejua kurudisha gesi ndani kabla ya kukata mabomba.

Sefu haibebwi mabegani. Ipitisheni juu ya vipande vitatu vya bomba la chuma la inchi moja na nusu: inapoacha bomba la nyuma, mtu mmoja analihamishia mbele. Kwenye vigae tandikeni plaiwudi kwanza. Kabati la mafaili litolewe droo zote, na kila droo ipewe namba ya kabati lake, kwani droo za makabati yanayofanana mara nyingi hazibadilishani.

Siku ya kubeba

Anzeni saa 12 asubuhi. Vizito vyote viwe vimekwisha saa 5, kabla jua halijakaa utosini. Kunyweni maji kabla ya kiu. Chai ya saa 3 iwe na kitu cha kushiba, mihogo au ming'oko ya kuchemsha, na isiwe biskuti, maana mtu mwenye njaa hudondosha vitu.

Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ina uwezo wa karibu kilo 350, yaani maboksi 28 ya karatasi bila mpakiaji hata mmoja nyuma. Yanaonekana machache kwa nafasi iliyopo, na ndiyo sababu watu huipakia kupita kiasi hadi springi zinavunjika. Karatasi hujaza uzito kabla ya kujaza nafasi, wakati viti na meza hujaza nafasi kabla ya uzito. Changanyeni. Kwenye Kanta, vizito vikae mbele karibu na kabini, makabati yaegemee huko migongo ikitazama nje, viti vya plastiki juu. Turubai lifungwe kwa kamba za manila hata kama hakuna wingu: upepo wa kusi hupeperusha karatasi moja moja kutoka kwenye boksi lililofunguka, na hakuna atakayeiona ikianguka.

Gari haliondoki mpaka mtu wa orodha ahesabu na dereva atie saini. Haliachiwi kurudi mpaka mtu wa mlango mpya ahesabu na namba zilingane. Zisipolingana, simu ipigwe palepale. Bebeni koleo na mbao mbili za kuweka chini ya matairi kwa ajili ya mchanga.

Kwenye jengo jipya, herufi za vyumba ziwe zimebandikwa milangoni tangu jana yake. Makabati yaingie kwanza, kisha meza, kisha maboksi. Mkianza na maboksi, makabati hayatapata njia.

Ili mlengwa awafikie

Tangazo lianze mwezi mmoja kabla: kwenye mlango, kwa watendaji wa kata na vijiji mnakofanya kazi, misikitini na makanisani, na kwa ujumbe wa simu. Liandikwe kwa alama ambazo watu wanazijua. Mfano: "Kuanzia Jumatatu tarehe fulani tutakuwa jengo la rangi ya bluu, mlango wa pili baada ya mwembe mkubwa, ng'ambo ya shule. Ukipotea, piga namba hii." Anwani ya makazi yenye jina la mtaa na namba ya nyumba iwekwe pia, lakini pekee haitoshi kwa asiyesoma.

Kuanzia Jumatatu mtu mmoja akae ofisi ya zamani kwa wiki mbili, na kiti, daftari na fedha kidogo ya kuwalipia bajaji wanaotoka mbali. Fedha hiyo iwekwe kwenye bajeti ya uhamisho kama ilivyowekwa ya makuli. Kama mwenye nyumba amekwisha kupangisha, ombeni kukaa barazani.

Barua za anwani mpya ziende kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kote mnakotoka na mnakokwenda, kwa ofisa maendeleo ya jamii ambaye ndiye msajili msaidizi wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na kwa TRA, NSSF, OSHA, benki na wafadhili. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kibao, ulizeni barabara ni ya TANROADS au ya TARURA, na halmashauri inataka ada gani.

Ofisi ya zamani ikabidhiwe baada ya kuzibwa matundu ya misumari na kufagiliwa, kila chumba kikipigwa picha, funguo zikihesabiwa na mwenye nyumba akitia saini kwamba amezipokea.

Katika wiki ya kwanza mtafuteni mtu asiyewahi kufika ofisi mpya, ikiwezekana mgeni wa mji. Mpeni tangazo lenu tu, mmwache stendi, na mhesabu dakika. Akipotea mahali, nendeni mkasimame mahali hapo mtazame anachokiona, kisha sahihisheni tangazo na kibao siku hiyohiyo.